Duka la dawa Majengo: stoo ya kupigiwa mfano, kaunta ya kukaripiwa

Ukuta wa magharibi wa duka hili hauna rafu hata moja. Umepakwa chokaa, na vilivyotundikwa hapo ni saa na leseni tu. Mteja wa kawaida ataona nafasi iliyopotea bure. Anayejua dawa ataona kwamba mwenye duka amefikiri. Jengo linapigwa na jua la alasiri, na ukuta uliochomwa tangu saa nane mchana hubaki na joto lake hadi usiku, wakati duka limefungwa na kiyoyozi kimezimwa. Dawa zilizoegemezwa ukuta wa namna hiyo huharibika kidogo kidogo, na hakuna anayejua hadi zikose kumponya mtu.

Duka liko Majengo, Mombasa, ghorofa ya chini. Jina tunaliacha, kwani mengi yanayofuata ni sifa, ila yapo mawili matatu mazito na mwenyewe ameshaelezwa ana kwa ana. Uamuzi wetu ni huu: uhifadhi wa dawa hapa ni wa kiwango ambacho maduka mengi ya kisiwani hayajafikia. Kaunta ndiyo inayowaangusha.

Ya makaratasi hayana shida. Leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ni ya mwaka huu, imewekwa mahali inaposomeka, pamoja na cheti cha mfamasia msimamizi. Msimbo wa usalama, ule ambao mteja anautuma kwa SMS kuhakikisha duka limesajiliwa, umebandikwa kwenye kioo cha mlango. Kuna maduka yanayoficha leseni nyuma ya bango la krimu za uso. Huko usinunue hata Panadol.

Sasa joto. Pakiti nyingi za dawa zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na baadhi chini ya 25. Mombasa wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana nje hufika nyuzi 32 au 33, na ndani ya duka la mabati au lenye kioo kikubwa hupita hapo. Kwa hiyo kiyoyozi katika duka la dawa la pwani ni kifaa cha kazi, kama mizani kwa muuza samaki. Swali la kumuuliza mwenye duka ni moja: kikizimwa usiku, ndani hufika nyuzi ngapi?

Hapa wanaweza kulijibu, kwa sababu vipimajoto vyao ni vya aina inayokumbuka kiwango cha juu na cha chini tangu vilipofutwa kumbukumbu mara ya mwisho. Viko viwili, kimoja karibu na mlango na kingine kwenye rafu ya juu. Hewa ya moto hupanda, na rafu ya juu inaweza kupata nyuzi mbili tatu zaidi ya ile ya kiunoni. Kipimajoto kilichowekwa mezani mwa keshia, mbele ya kiyoyozi, hupima starehe ya keshia. Rafu za juu kabisa wamezijaza nepi, pamba na glovu, vitu visivyojali joto. Daftari la joto hujazwa asubuhi na alasiri. Katika ukurasa wa Machi siku mbili zimeandikwa 31, na pembeni, kwa kalamu nyekundu: «kiyoyozi kimeziba, fundi ameitwa», kisha tarehe alipokuja. Hayo ndiyo tunayoyatafuta. Daftari lenye 25, 25, 25 mwaka mzima limejazwa na mtu aliyekaa chini siku moja akalimaliza lote. Upungufu wao ni Jumapili: mistari mitupu, ingawa duka hufunguliwa.

Unyevu husahaulika zaidi ya joto, na kwa pwani una madhara kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi nyingi unyevu wa hewa hapa hupita asilimia 80. Aspirini ikinywa unyevu huvunjika ikawa asidi ya salisili na asidi ya siki. Fungua mkebe unuse, ukisikia siki, mkebe huo ni wa kutupwa. Chumvi ya kuongeza maji mwilini huganda ndani ya pakiti ikawa kama jiwe, na iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia haifai tena. Vidonge vya kuyeyushwa majini, kama zinki ya watoto wanaoharisha, huvimba na kupasuka kingo. Dawa nyeti kupita zote hizo ni mchanganyiko wa amoksisilini na asidi ya klavulani. Klavulani huharibika upesi ikipata unyevu, ndiyo maana stripu yake hufungwa kwa foili juu na chini. Ukimwona muuzaji akikata stripu hiyo kwa mkasi hadi akagusa mfuko wa kidonge, kidonge hicho kimeshaanza kuharibika kabla hakijafika nyumbani.

Mikebe ya vidonge elfu moja wanayo michache, ya parasetamoli na ya vidonge vya damu. Kila mmoja umeandikwa tarehe uliyofunguliwa, na kipakiti cha silika, cha kunyonya unyevu, kimo ndani. Wahudumu wengi hukitupa kipakiti hicho kwa kuwa huwazuia kuchota, kisha hushangaa vidonge vinapokuwa na madoa kufikia Mei, mvua za masika zikiwa juu. Sinia ya kuhesabia ni safi, na wanayo nyingine, iliyotiwa alama nyekundu, kwa ajili ya jamii ya penisilini peke yake. Vumbi la penisilini linalobaki kwenye sinia linaweza kumfikia mtu mwenye mzio aliyekuja kununua dawa nyingine kabisa. Ni maduka machache yanayojishughulisha na hilo.

Friji ni ya nyumbani, si ile ya maabara yenye kioo, na hilo si kosa ikiwa inaendeshwa sawasawa. Inatakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Kipimajoto kimewekwa katikati, baina ya maboksi ya insulini. Mlangoni hakuna dawa, kwa kuwa mlango ndio hupata joto kila unapofunguliwa. Wameweka chupa za maji, ambazo husaidia baridi isikimbie upesi stima ikikatika. Hakuna boksi lililogusa ukuta wa nyuma, ambako barafu hujikusanya. Watu huogopa joto peke yake, lakini insulini iliyoganda imekufa na haifufuki hata ikiyeyuka, na kwa macho inaweza kuonekana nzima. Insulini ya rangi ya maziwa, ukishaiviringisha kiganjani, iwe nyeupe sawasawa. Ukiona punje zimeng'ang'ania kioo, irudishe. Mhudumu wa hapa alilijua hilo na alimwonyesha mteja kwa kuishika chupa kwenye mwanga. Vilevile walimweleza kwamba chupa ikishaanza kutumika haina haja ya friji: insulini nyingi hukaa wiki 4 kwenye joto lisilozidi 30, na aandike tarehe ya kuifungua. Asiye na friji Kisauni aiweke ndani ya mtungi wa udongo, ikiwa imefungwa kwenye mfuko usioingiza maji.

Stima ikikatika, inveta hubeba friji. Tuliomba kuona kilichoandikwa ukatikaji ulipokuwa mrefu, tukaonyeshwa: saa ya kukatika, saa ya kurudi, joto la juu lililofikiwa. Chakula hakimo. Soda ya mfanyakazi ilikuwamo, nayo iliondolewa huku tukitazama.

Basi hapo ndipo sifa zinapopungua.

Saa kumi na mbili jioni kaunta inajaa. Mfamasia keshaondoka, wamebaki vijana wawili. Mama mmoja wa makamo anasema, «Mwanangu, nipe rangi mbili za hamsini.» Kijana anauliza, «Za nini, mama?» «Jino.» Anahesabu kapsuli sita, anazitia kwenye bahasha, anaandika 1x3, anapokea pesa. Mazungumzo yameisha.

Hesabu kasoro zilizomo. Rangi mbili ni amoksisilini, antibayotiki ya jamii ya penisilini, na ni dawa ya karatasi ya daktari. Kapsuli sita kwa mara tatu kwa siku ni za siku mbili, wakati dozi ya kawaida ni siku tano au zaidi, yaani kapsuli kumi na tano na kuendelea. Vijidudu vinavyobaki ni vile vilivyostahimili. Maumivu mengi ya jino hayatibiwi na antibayotiki hata kidogo; yanataka jino litengenezwe au ling'olewe, na usiku huo dawa ya maumivu inatosha. Hakuulizwa kama ana mzio wa penisilini. Na 1x3 ni mwandiko wa siri ya kazi: wapo wanaousoma moja kila baada ya siku tatu, wapo wanaousoma tatu kwa mkupuo mmoja. Bahasha ilitakiwa iwe na jina la mgonjwa, jina la dawa na nguvu yake, tarehe, na maelezo yanayosomeka: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kwa siku kadhaa. Kuandika hivyo ni sekunde ishirini.

Udhuru wa mwenye duka ni kwamba akikataa kuuza nusu dozi, mteja anavuka barabara na kuuziwa ng'ambo. Ni kweli atauziwa. Lakini duka linalotumia pesa kwa vipimajoto viwili na inveta, kisha likauza antibayotiki kama njugu, linalinda dawa na kumwacha mgonjwa.

Kukata stripu kuna hasara nyingine isiyozungumzwa. Nambari ya bechi na tarehe ya mwisho huchapishwa upande mmoja tu wa stripu. Ukikatiwa vidonge vinne vya upande wa pili, huna ushahidi wowote wa ulichomeza. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli, sumu zinazoua figo. Onyo la namna hiyo likitoka, kinachotenganisha chupa mbaya na nzuri mara nyingi ni nambari ya bechi. Hapa ankara zote za msambazaji zina nambari hizo na zimewekwa kwenye faili kwa miezi, na wanajua kuitoa rafuni bechi iliyorudishwa na kuiweka kwenye boksi lililoandikwa USIUZE. Wasichoweza ni kumtafuta aliyekwisha kuuziwa vidonge vinne bila jina.

Dawa za maji za watoto zinastahili aya yake. Antibayotiki ya unga huchanganywa hivi: gonga chupa unga uachane, tia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kama nusu, tikisa kwa nguvu, subiri povu litulie, ongeza maji hadi kwenye mstari, tikisa tena. Kosa la kawaida ni kujaza mara moja. Povu huficha mstari, likishuka dawa imepungukiwa na maji, ikawa kali kuliko ilivyoandikwa na kuisha kabla ya siku zake. Wengine humwachia mama akachanganye mwenyewe nyumbani, bila kumwambia mstari uko wapi. Mchana, mfamasia akiwapo, huchanganya mbele ya mzazi na kuandika tarehe ya kutupa, ambayo kwa amoksisilini yenye klavulani ni siku 7, nayo ikae kwenye friji. Jioni hawachanganyi. Kwa nyumba isiyo na friji tungependa wapendekeze vidonge vya amoksisilini vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, ambavyo haviharibiki baada ya siku saba. Wanavyo stoo, ila hawavitaji.

Kipimo nacho. Parasetamoli ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 120 hadi 180, yaani mililita 5 hadi 7 na nusu za ile chupa ya 120 kwa mililita 5. Lakini kuna matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Ukimpa mililita 5 za hayo umempa 500. Chupa hizo mbili hapa zimekaa rafu moja, bega kwa bega. Zitenganishwe leo. Vivyo hivyo kabamazepini na kabimazoli, moja ya kifafa na nyingine ya tezi ya shingo, ambazo alfabeti imezifanya majirani. Mizani ya watoto wanayo, ila iko chini ya meza na vumbi lake. Sirinji zisizo na sindano za kupimia dawa wanatoa bure, na hilo ni jema. Kijiko cha chai cha nyumbani hakina ukubwa mmoja.

Kwa homa wamefanya vizuri kuliko tulivyotarajia. Sera ya Kenya ni kupima malaria kabla ya kutibu, na mchana hawauzi dawa ya malaria bila majibu ya kipimo. Humwelekeza mtu kituo cha afya. La zaidi, mtu akija na homa, maumivu nyuma ya macho na viungo kuvunjika, hawampi diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Dengue imeshaipiga Mombasa zaidi ya mara moja, ukiwemo mlipuko wa 2013 na 2014, na dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu. Hupewa parasetamoli, isiyozidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, na kuambiwa dalili za kukimbilia hospitali: kutapika mfululizo, maumivu makali ya tumbo, damu kwenye ufizi.

Kwenye dawa yenyewe ya malaria kuna mtego mmoja tuliowaonyesha. Artemetha-lumefantrini ya zamani ni vidonge 24, vinne kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Sasa ipo yenye nguvu ya 80/480, vidonge sita tu, na kimoja chake ni sawa na vinne vya zamani. Kijana aliyezoea kusema «nne nne» atamzidishia mtu dozi mara nne kwa mazoea. Na waseme inywewe pamoja na chakula chenye mafuta. Kwa chai ya rangi haiingii mwilini vya kutosha.

Kipimo cha sukari hugharimu kidogo na mashine ni nzuri, lakini kichupa cha vijikaratasi vya kupimia tulikikuta wazi. Hewa ya hapa huviharibu, majibu yakapotoka. Kifuniko kirudishwe kila mara na tarehe ya kufunguliwa iandikwe. Presha wanapima mtu akiwa amesimama kwenye foleni. Hiyo haina maana. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, asizungumze.

Dawa halali zinazoweza kulevya zimefungwa kwenye kabati la kufuli, rejista inalingana na idadi tuliyohesabu, na vijana waliokuja kuulizia bugizi, vidonge vya usingizi vinavyotumiwa kulewa, walikataliwa mara moja, bila matusi. Pwani hii hilo si dogo.

Faragha hakuna. Msichana anayetaka P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo inatakiwa imezwe ndani ya saa 72 na mapema ndiyo bora, inambidi aseme mbele ya watu saba, mmoja wao huenda ni jirani wa mamake. Pazia na viti viwili pembeni mwa ule ukuta mtupu vingetosha.

Mwezi wa Ramadhani wanabandika karatasi ya kuwaambia wanaofunga wasijipangie wenyewe, na mfamasia huongea na daktari ili dawa ya mara tatu ibadilishwe na ya mara moja au mbili, kwa futari na daku. Wa kisukari anaambiwa wazi: sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, anafungua papo hapo. Fomu za manjano za kuripoti madhara ya dawa zipo, na za waridi za dawa zenye shaka ya ubora zipo pia. Katika zile za waridi mbili zimejazwa, moja kwa ajili ya chumvi iliyoganda.

Huduma ya kupeleka dawa kwa bodaboda tungeikwepa kwa insulini kwa sasa. Huwekwa juu ya pakiti ya barafu iliyotoka friza wakati huo huo, ikagandia njiani. Barafu iachwe nje hadi itoe jasho na maji yasikike ndani ukiitikisa, kisha itenganishwe na dawa kwa kadibodi. Mpaka walirekebishe hilo, mtume mtu mwenye kikoba, na umtume mapema: mfamasia yupo saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja, Jumatatu hadi Jumamosi.